Tabora bado inacheza pungufu

Tabora. Muulize shabiki yeyote wa hapa, awe kijiweni Ng'ambo au sokoni mjini, siku gani ya Ligi Kuu imemuuma kuliko zote. Hatakuzungusha. Atakutajia Agosti 16, 2023.

Siku hiyo Tabora United, timu iliyopanda daraja ikiitwa Kitayosce, ilicheza na Azam FC pale Chamazi. Iliingia uwanjani na wachezaji wanane. Wanane tu! Mambo ya usajili yaliwaacha wengine nje. Feisal Salum 'Fei Toto' akapiga mabao matatu peke yake, ubao ukasoma 4-0, na ilipofika kama dakika ya 15 wachezaji wengine wa Tabora wakashindwa kuendelea. Mwamuzi akahesabu vichwa, akaona wamepungua saba, akapuliza kipyenga cha mwisho. Ndivyo sheria ya soka ilivyo. Mkiwa chini ya saba, hakuna timu.

Miezi 15 baadaye, Novemba 7, 2024, Nyuki wa Tabora wakarudi palepale Chamazi wakaichapa Yanga 3-1. Wachambuzi walikesha wakieleza mbinu. Sawa, mbinu zilikuwepo. Ila kuna sababu moja ambayo haihitaji mchambuzi wala ubao wa kuchorea: safari hii walikuwa kumi na moja.

Sasa iweke hesabu hiyo kichwani, maana makala haya yanahusu mechi nyingine ambayo mji huu unaicheza kila siku, na inaicheza pungufu.

Sensa ya mwaka 2022 inaonyesha kuwa zaidi ya Mtanzania mmoja kati ya kumi, wa umri wa miaka saba na kuendelea, ana ulemavu wa aina fulani. Kwa lugha ya kiwanjani, katika kila kikosi cha kumi na moja, mmoja ni mtu mwenye ulemavu. Nenda kiwanja chochote cha mchangani jioni, hesabu waliopo uwanjani, hesabu waliopo pembeni, hesabu na viongozi wa timu. Yuko wapi huyo mmoja?

Mara nyingi yuko nyumbani. Mpira anaujua na anaupenda. Lakini hakuna aliyempangia nafasi.

TEMBO WALIVYOONYESHA NJIA

Wanaosema haiwezekani wana jibu lao tangu mwaka 2021. Mwishoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Desemba mwaka huo, Dar es Salaam iliandaa fainali za Afrika za soka la watu waliokatwa viungo. Timu yetu ya taifa, Tembo Warriors, iliichapa Cameroon 5-0 katika robo fainali na kukata tiketi ya Kombe la Dunia. Ghana ndiyo iliyobeba ubingwa, lakini Tanzania ilikuwa imeshapata ilichokuwa inakitafuta.

Oktoba 2022 Tembo Warriors wakawa Istanbul, Uturuki, katika Kombe la Dunia lenye timu 24. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Tanzania, na wakatinga robo fainali. Kwa shabiki aliyezeeka akiisubiri Taifa Stars iguse tu nyasi za Kombe la Dunia, tafakari hilo kidogo. Bendera yetu ilipandishwa kwenye Kombe la Dunia la soka na vijana wanaokimbia kwa magongo, na haikushushwa raundi ya kwanza.

Mashindano yale Uturuki waliyatwaa kwa kuifunga Angola 4-1 katika fainali, kwenye uwanja wa klabu ya Besiktas uliokuwa umefurika. Angola nao si wa kubeza. Mwaka 2018 kule Mexico walikuwa mabingwa wa dunia, kwa kuwatoa Waturuki haohao kwa penalti. Nchi iliyopigana vita kwa miaka mingi na kuachiwa mabomu ya ardhini ikawakusanya vijana iliowapoteza miguu ikawafanya mabingwa.

Sierra Leone walianza mapema zaidi. Mwaka 2001, vita vikiwa bado havijaisha sawasawa, vijana waliokatwa miguu walianzisha klabu yao Freetown. Hawakungoja nchi itulie kwanza ndipo wakumbukwe. Waliingia katika kazi ya kuituliza.

MCHEZO ULIBADILISHWA, SI MCHEZAJI

Kwa ambaye hajawahi kuuona mchezo huu, ngoja tumpe kanuni zake, maana ndani ya kanuni hizo kuna somo.

Kila timu ina wachezaji saba. Wale sita wa ndani wana mguu mmoja na mikono miwili. Wanacheza kwa magongo, mguu bandia hauruhusiwi. Kipa ni kinyume chake: ana miguu miwili na mkono mmoja, na haruhusiwi kutoka nje ya eneo lake. Uwanja ni mdogo, haupiti mita 60 kwa 40. Goli lina upana wa mita tano. Kila kipindi ni dakika 25. Kuotea hakuna. Mpira ukitoka pembeni haurushwi, unapigwa kwa mguu. Gongo likigusa mpira kwa makusudi, hiyo ni sawa na kushika kwa mkono. Kuteleza chini kumchota mwenzako ni marufuku.

Umeona kilichofanyika? Hakuna aliyemwambia mchezaji akaote mguu kwanza ndipo aje kucheza. Walichukua kanuni wakaziangalia moja moja. Ipi inamzuia mtu bure? Ipi inalinda ushindani? Ya kuotea ikaondoka. Ya kurusha ikageuzwa. Uwanja ukapunguzwa. Ya 'handi' ikabaki, ikasogezwa tu kutoka mkononi hadi kwenye gongo. Mwishowe ukapatikana mtanange mkali wenye mashuti, ngarambe na kadi, na hakuna wa kumwonea mwenzake huruma.

Mchezo huo haukubuniwa na wakubwa wa soka. Ulianzia kwa Mmarekani aliyekatwa mguu, Don Bennett wa Seattle, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mambo mengi mazuri kuhusu ulemavu yamekuja hivyo. Mwenye kiatu ndiye anayejua kinapobana.

Hilo ndilo somo ambalo mji unaweza kulichukua na kulipeleka nje ya uwanja. Mtu akishindwa kuingia ofisini, zahanati au jukwaani, swali la kwanza lisiwe "huyu ana nini?" Swali liwe "kanuni gani hapa inamzuia bure?" Ngazi nne za mlango wa mbele ni kanuni. Choo chenye mlango mwembamba ni kanuni. Tangazo la mikutano linalopita kwa kipaza sauti tu, huku kiziwi yuko mtaani, ni kanuni pia. Zote tumeziweka sisi, na sisi ndio wa kuzibadilisha.

MJI ULIOJUA KUBEBA

Tabora, kati ya miji yote, haina udhuru katika jambo hili. Huu ni mji wa misafara. Zamani hizo Kazeh na Unyanyembe zilikuwa njia panda. Kutoka Bagamoyo unapita hapa, ukiendelea magharibi unafika Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walisifika nchi nzima. Mpagazi mmoja alibeba kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30, kwa miguu, kwa miezi. Pembe kubwa ya ndovu au furushi lililomzidi mtu mmoja lilifungwa kwenye mti, likabebwa mzegazega na watu wawili. Hakuna aliyeuacha mzigo porini kwa sababu ulikuwa mzito. Walibadilisha namna ya kuubeba.

Kuna kisa kimoja cha njia hiyo ambacho kinafaa kukumbukwa. Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Kazeh Novemba 1857 wakielekea ziwani. Walipotoka hapa kwenda magharibi, Burton miguu ilikufa ganzi, hakuweza kutembea. Speke macho yaliuma hadi akawa karibu haoni. Hata hivyo Februari 1858 walifika Ziwa Tanganyika, na vitabu vya historia vikawataja kwa fahari. Walifikaje? Burton alibebwa kwenye machela. Speke alisaidiwa njia. Wanaume wa nchi hii ndio waliofanya kazi hiyo.

Njia ileile ilikuwa na upande wake mchungu. Mpagazi wa kawaida aliyepatwa na ndui mara nyingi aliachwa njiani, msafara ukaendelea. Burton mwenyewe aliandika kuhusu wagonjwa wa aina hiyo. Basi hapo pana watu waliodhoofika katika safari moja. Mmoja alifika akapewa sifa, mwingine akabaki porini. Miili yao haikuwa na tofauti kubwa. Tofauti ilikuwa ni nani aliyewekewa wabebaji.

Karne na nusu imepita. Swali ni lilelile, na leo linaulizwa Ng'ambo, Kanyenye, Ipuli na Isevya.

HAZINA TULIYOIKALIA

Mkoa huu hauanzi sifuri. Shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa mwaka 1963 na ndiyo ya kwanza ya aina yake Tanzania. Shule ya Furaha imewafundisha watoto wasioona kwa miongo mingi. Yaani kwa ujuzi wa kuishi na kufundisha watu wenye ulemavu, Tabora ni kongwe kuliko miji mingi inayojiita mikubwa.

Ujuzi huo haujavuka barabara ukafika uwanjani kama inavyostahili. Soka la viziwi halihitaji mambo makubwa. Mwamuzi anatumia bendera pamoja na kipyenga ili kila mchezaji aone mchezo umesimama. Kitambaa na fimbo, basi. Mwamuzi wa ligi ya mtaa anaweza kujifunza kwa jioni moja.

Soka la wasioona nalo lina utaratibu wake. Wachezaji wa ndani wanne wamefungwa vitambaa machoni, kipa anaona. Mpira una njuga ndani, na nyuma ya goli husimama mtu wa kuwaelekeza washambuliaji. Mashabiki wanatakiwa wakae kimya mpira ukiwa unachezwa, wapige kelele bao likiingia. Katika michezo ya walemavu ya Paris mwaka 2024, fainali ilichezwa chini ya mnara wa Eiffel, Ufaransa ikaifunga Argentina kwa penalti. Wazia jukwaa la Ali Hassan Mwinyi limekaa kimya kwa hiari, watu wanasikiliza njuga tu. Anayewajua mashabiki wa Tabora anajua hilo ndilo lingekuwa zoezi gumu kuliko yote!

Kuna jambo jingine ambalo mkoa huu hauwezi kulikwepa. Katika miaka ya mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, yaliyoanza kusikika sana kuanzia 2007, Tabora ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyotajwa. Dar es Salaam wakati huo ilizaliwa timu ya Albino United. Wale vijana waliingia kwenye ligi za madaraja ya chini kwa lengo moja, waonekane. Mtu uliyekabana naye mkabaji na mshambuliaji, ukamchezea faulo, ukampa mkono baada ya filimbi, ni vigumu kesho kuaminishwa kuwa si mtu. Mahubiri na semina vina kazi yake. Dakika 90 za jasho nazo zina yake.

LEO YEYE, KESHO WEWE

Sasa shabiki mwingine atasema: haya ni mambo ya wao, sisi tuna timu ya kuipigania isishuke daraja. Ndugu yangu, toka nje uangalie barabara. Hesabu bodaboda zinazopita Ng'ambo ndani ya dakika kumi. Vijana wale wale wanaopakia abiria asubuhi ndio mabeki na viungo wa ndondo jioni. Ajali moja, dereva mmoja aliyelala kwenye usukani, na namba nane yenu amelazwa. Sukari nayo inakata miguu ya wazee waliokuwa mawinga machachari enzi zao. Wahenga walishamaliza: hujafa hujaumbika.

Jamii imara inapimwa siku ya ajali. Mchezaji akikatwa mguu, timu inafanya nini? Kwa kawaida yetu, wiki ya kwanza tunachanga. Tunapeleka matunda hospitalini. Wiki ya tatu wanakwenda wawili. Mwezi wa tatu namba yake ya jezi ameshapewa mwingine, na yeye hata kikao cha timu haitwi tena. Hakuna aliyekaa akaamua kumtenga. Ametengwa tu, kwa sababu hakuna aliyekaa akaamua kumbakiza.

Na hapo timu inapoteza zaidi ya miguu. Inapoteza jicho lililocheza misimu kumi, mtu anayejua nani ana hasira, nani anachoka dakika ya 60, nani akipigiwa kelele anaharibu. Huyo ni kocha msaidizi kamili, yuko bure, mmemwacha uani.

NINI KIFANYIKE

Hapa hatuzungumzii mabilioni. Tuzungumzie ligi ya mtaani, maana ndiko soka linakoishi.

Kwanza, michuano ya ndondo. Kila fainali huwa na mechi ya utangulizi ambayo nusu ya watu hawaiangalii. Dakika 20 za hapo zipewe soka la magongo. Uwanja unachorwa kwa chokaa ndani ya uwanja uleule. Hata mkiwapata wanne wanne tu kwa kuanzia, chezeni. Kijana aliye nyumbani anahitaji kuona kwa macho yake kwamba kuna mchezo unaomsubiri.

Pili, magongo. Gongo la kutembelea halikuundwa kwa mikikimikiki ya mpira. Linapinda, na mpira wake wa chini unaisha haraka, hasa kwenye mchanga wetu. Mji umejaa mafundi wa kuchomelea na mafundi viatu wanaokata raba za matairi kila siku. Timu ikiwa na fundi wake wa magongo kama ilivyo na mtu wake wa jezi, kazi imepungua nusu.

Tatu, fedha zilizopo. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka uliofuata. Klabu ina katibu anayejua kuandika barua na mweka hazina anayejua vitabu. Iwasaidie wachezaji hawa waunde kikundi, wafungue akaunti, waandike mradi wa kuuza jezi, kushona mipira, kukodisha viti siku ya mechi. Anayejitegemea mchana anakuja mazoezini jioni.

Nne, jukwaa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka maeneo ya umma yafikike. Klabu na wasimamizi wa viwanja wasisubiri kusukumwa na mahakama. Njia ya mteremko ya zege, choo kimoja kipana, sehemu ya kivuli kwa wenye ualbino ambao jua la saa nane linawaumiza, na kiti cha magurudumu kisiwekwe nyuma ya watu waliosimama. Tiketi anayonunua mwenye kiti hicho ina bei ileile, basi naye aone bao.

Tano, na hii haigharimu hata shilingi: vikao. Kamati ya timu iwe na mtu mwenye ulemavu ambaye anapiga kura, sio wa kupigia picha. Atasema mapema kwamba basi mlilokodi halipandiki, au kwamba kiwanja mlichochagua kina mtaro getini. Mtayajua hayo kabla ya siku ya mechi.

MWAMUZI ANAHESABU

Siku ile ya Agosti, Tabora tulicheka kidogo, tukanuna sana. Tuliulizana kwa hasira: timu kubwa ya mkoa inawezaje kwenda kwenye Ligi Kuu na watu wanane? Viongozi walikuwa wapi? Wachezaji wengine si walikuwepo, wana afya, wana viatu, kasoro hawakuandikwa tu?

Maswali mazuri hayo. Tuyaulize tena, safari hii kwa mtaa mzima. Yule kiziwi anayepiga mashuti ukutani, yule binti asiyeona anayeitambua sauti ya kila mtangazaji wa redio na kikosi chote cha Simba kwa moyo, yule bodaboda aliyetoka hospitali na mguu mmoja, wote wapo. Kasoro hawajaandikwa tu.

Dirisha la usajili la mtaani halina siku ya kufungwa. Jioni hii, kabla ya kugawana timu pale kiwanjani, hesabuni kwanza waliokosekana. Kisha mmoja wenu aende akabishe hodi.